Wenzangu wana upatu wa majina ya waandishi. Nijiunge?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni daktari bingwa wa watoto, nina miaka 42, nafundisha katika chuo cha tiba huku Kanda ya Ziwa. Niliajiriwa mwaka 2015 baada ya kumaliza MMed, yaani shahada ya uzamili ya tiba, nikaanza kama mhadhiri, na hadi leo ni mhadhiri. Mwaka ule tuliripoti kazini wanne kwa siku moja. Wawili sasa ni wahadhiri waandamizi, mmoja ni profesa mshiriki. Wa nne ndiye anayekuandikia.

Sijakaa bure, Mwalimu. Nina zamu za usiku nne hadi tano kwa mwezi, raundi ya wodi kila asubuhi isipokuwa Jumapili, nafundisha mwaka wa tatu na wa tano, na kila interni anayeletwa wodi ya vichanga anapita mikononi mwangu. Katikati ya hayo nimejifungua mara mbili. Lakini fomu ya kupanda cheo haiulizi vichanga wangapi wametoka hai. Ufundishaji umepewa ukurasa mmoja, machapisho kurasa nne. Nina makala tatu tu, na humo mimi ni mwandishi wa tano, wa saba na wa kumi na moja. Mwaka jana faili langu lilirudi na mstari mmoja: "Machapisho hayatoshi."

Sasa nimezungukwa. Kuna jarida linaloniandikia barua pepe kila wiki likiniita Profesa Mashuhuri. Wanachapa ndani ya siku tano kwa dola 150. Mmoja wa wale waandamizi ana makala mbili humo na kamati ilizipokea.

Kuna na grupu la WhatsApp. Wako sita: wa mifupa, wa meno, wawili wa famasia, wa afya ya jamii na wa maabara. Wananitaka niwe wa saba. Kila mmoja anaandika makala mbili kwa mwaka na kuweka majina ya wote. Wenyewe wanauita upatu. "Hakuna anayeibiwa," mwanzilishi aliniambia, "ni kusaidiana tu."

Halafu kuna mkuu wa idara. Nilimgusia kwamba nataka kuandika kitu, akasema, "Vizuri sana, ila jina langu lisikose, na liwe la mwisho," yaani pale panapokaa jina la mkubwa wa kazi. Ni mtu mzima, alinifundisha, na ndiye anayesaini fomu yangu.

Nikisema niandike mwenyewe, naandika nini? Ruzuku sina, data sina. Wodini kwetu hata kompyuta ni ya kugombania. Mwenye kumbukumbu ni sista wetu tu, ana kaunta buku lake anaandika joto la kila kichanga anayeletwa kutoka nje, tangu 2019, basi. Mume wangu anasema niache chuo niende hospitali binafsi, huko mshahara hauulizi makala. Nifanyeje?

Mhadhiri wa Kudumu, Kanda ya Ziwa


Marahaba, Daktari. Pole na zamu.

Nianze na upatu, maana huo ndio unaokunyima usingizi. Jibu la jarida la siku tano ulikuwa nalo kabla hujaniandikia.

Upatu wa fedha naujua vizuri. Bati za nyumba yangu ni za upatu. Tulikuwa walimu kumi na wawili, na aliyepokea mwisho hakupunjwa hata senti. Unakwenda kwa sababu elfu kumi yangu na elfu kumi yako ni kitu kilekile, haijalishi imetoka mfuko gani. Jina juu ya makala ya tiba halibadilishani hivyo. Pale jina ni saini. Linasema: niulize mimi, kazi hii naijua, nitajibu. Sasa mtathmini wa nje anafungua faili lako na kukuta bingwa wa vichanga ametafiti mvunjiko wa nyonga kwa wazee, kutoboka kwa meno ya wanafunzi na bei za dawa madukani, yote ndani ya miezi kumi na minane. Nimekaa upande ule wa meza. Hatukuhitaji mpelelezi. Tulichagua makala moja, tukauliza jedwali la pili lilitengenezwaje, na mtu mzima akaanza kukunja na kukunjua leso.

Unakumbuka mwaka 2016 nchi nzima ilivyokuwa ikisaka wafanyakazi hewa? Hawa wenzako ni waandishi hewa. Tofauti ni kwamba wao wapo, wanapumua, na mnasalimiana korido.

Halafu piga hesabu ya upande wa pili, ambayo mwanzilishi hakukupigia. Mkiwa saba, uongo wa mmoja ni wa saba. Akitokea mmoja aliyebandika namba zisizo za kweli ili awahi zamu yake, makala inafutwa hadharani na majina yote saba yanabaki pale mtandaoni chini ya neno hilo, miaka na miaka. Wenzetu wa China wameshalipitia hili kwa ukubwa ambao sisi hatujaufikia. Huko daktari wa hospitali, mwenye foleni ya wagonjwa kama yako, alitakiwa kuwa na makala za kimataifa ndipo apande cheo. Muda wa kutafiti hana, basi pakazuka watu wa kuuza makala zilizokwisha kuandikwa na hata kughushi maoni ya wahakiki, wale wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapwa. Aprili 2017 jarida la Tumor Biology lilifuta makala 107 kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya uhakiki wa kughushi, karibu zote za waandishi wa China. Februari 2020 serikali yao yenyewe ikatoa miongozo ya kupunguza mchezo wa kupima watu kwa idadi ya makala, na zawadi za fedha kwa kila makala zikapigwa marufuku. Kwa hiyo ukisema utaratibu wa kuhesabu makala unamsukuma daktari wa wodini kwenye kona, nakubaliana nawe. Lakini waliofutiwa makala ndio waliobeba aibu. Utaratibu haukufutiwa jina.

Usijiunge. Na usiwahubirie pia. Waambie tu zamu zimekubana, si uongo.

Mzee wako wa idara ni suala jingine, na hapa nakuomba usiwe na haraka ya kumchukia. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba wana kamati yao ya kimataifa iliyoanzia kwenye kikao kidogo mjini Vancouver mwaka 1978, na kanuni yao ndiyo inayofuatwa na majarida mengi utakayoyaendea. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa uzito katika kubuni kazi, au kukusanya data, au kuzichambua. Akashiriki kuandika au kuihariri rasimu kwa maana. Akaidhinisha toleo la mwisho. Na akakubali kuwajibika kwa kazi nzima. Si moja kati ya hayo, ni yote manne. Kuwa mkuu wa idara hakumo. Kutafuta fedha peke yake hakumo. Aliyesaidia bila kutimiza manne anatajwa kwenye shukrani, na hiyo si dharau.

Lakini kanuni hiyohiyo inasema aliyetimiza la kwanza asinyimwe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Hapo ndipo mlango wako ulipo. Usimwendee mzee na rasimu iliyokamilika ukimtaka akubali kuachwa nje; huo ni ugomvi, na yeye ana kalamu. Mwendee mapema, na karatasi mbili mkononi. "Shikamoo Profesa. Nimeandika swali langu na namna ninavyotaka kulijibu. Naomba uniambie limelegea wapi." Mwachie. Baada ya wiki mbili rudi. Profesa wengi wa kizazi chake wana macho makali kuliko tunavyodhani, ila hakuna anayewaletea kitu kibichi. Wanaletewa makala iliyoiva wabandike jina. Akiisoma, akaikata, akabishana na takwimu zako na kusoma rasimu hadi mwisho, mweke wa mwisho kwa moyo mweupe, atakuwa amepata kwa jasho. Asipoisoma, muda utakapofika utamwomba achangie kwa maandishi, kwa barua pepe, kwa heshima, na ukimya wake utakuwa na tarehe.

Jarida la siku tano nalipitia haraka. Mkutubi mmoja wa Marekani, Jeffrey Beall, ndiye aliyeyaandama majarida ya aina hiyo hadi yakapata jina la majarida windaji, na orodha yake aliitunza hadi Januari 2017 alipoiondoa. Siku tano hazimtoshi mhakiki hata kukubali kuisoma. Ubaya ambao watu hawauoni ni huu: ukishachapa humo, kazi yako imezikwa. Hakuna jarida la heshima litakalopokea makala iliyokwisha kuchapwa. Na ukijuta ukataka kuitoa, wengine watakudai fedha za kuitoa. Kwamba kamati ilizipokea za mwenzako kusikudanganye. Kamati iliyokaa mwaka ule siyo itakayokaa mwaka ujao. Ukitaka kujua jarida limesimama wapi, litafute mtandaoni kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au kwenye AJOL kwa majarida ya Afrika, kisha soma orodha ya wahariri na umwandikie mmojawapo kwa anwani ya chuo chake umuulize kama kweli anahariri pale. Wapo ambao hawajui kama majina yao yamewekwa. Na dola 150 zibaki nyumbani: kwenye Research4Life, mpango wa kuzifikishia nchi zenye kipato kidogo majarida ya utafiti, Tanzania iko kundi A, na wachapishaji wengi wakubwa husamehe ada kwa waandishi wa nchi za kundi hilo. Omba msamaha siku ile ile ya kuwasilisha, usisubiri makala ikubaliwe ndipo uanze kulia.

Sasa tuje kwenye neno lililonifanya nisome barua yako mara mbili. Umeandika sina data, halafu mstari unaofuata ukaandika sista ana kaunta buku la tangu 2019, "basi".

Basi?

Niliwahi kushika daftari kama hilo, katika wodi nyingine, la mtu mwingine. Jalada gumu limefungwa kwa plasta ya hospitali kwenye uti. Mistari imepigwa kwa rula na kalamu nyekundu: tarehe, saa ya kufika, uzito, joto, ametoka zahanati gani, ameletwa na nini. Kwenye safu ya "ameletwa na nini" palikuwa na bodaboda, ambulansi, bajaji, na sehemu moja pameandikwa "amebebwa". Joto la huyo aliyebebwa lilikuwa 36.6. Wa ambulansi aliyemfuata, 34.8. Muuguzi alikuwa ameweka alama ya mshangao pembeni, moja tu, ndogo. Ile alama ya mshangao ndiyo utafiti, Daktari. Kichanga aliyefungwa kifuani mwa bibi yake amefika na joto zuri kuliko aliyelazwa peke yake nyuma ya gari la serikali lenye king'ora. Je, ni bahati ya siku ile, au ndivyo ilivyo miaka yote?

Wewe unajua kuliko mimi kwamba Shirika la Afya Duniani linataka kichanga awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kwamba kila anayefika chini ya hapo anaanza vita akiwa amechoka. Lakini wangapi wanafika chini ya hapo kwenye wodi yako? Wanatoka zahanati zipi? Masika ni wengi kuliko kiangazi? Waliofika na 35, wangapi walitoka hai? Hayo hayajibiwi na mtu wa Geneva. Yanajibiwa na daftari lililoko kwenye droo ya meza ya sista, chini ya glavu.

Na usidhani swali dogo ni swali duni. Pale Haydom, mkoani Manyara, waliweka waangalizi kwenye chumba cha kujifungulia, kazi yao kutazama na kuandika muda. Walikuwa na ufadhili, sikatai. Lakini swali lenyewe lingeweza kuulizwa na mkunga yeyote: tukichelewa, inakuwaje? Makala yao ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kwa vichanga wasiopumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuwapa hewa kwa mfuko na barakoa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Mtu asiyebanduka na saa ya kuhesabu sekunde.

Kabla hujahamisha hata mstari mmoja kutoka kwenye daftari kwenda kwenye Excel, omba kibali cha maadili, cha kamati ya chuo au cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kadiri utaratibu wenu unavyotaka, na ruhusa ya hospitali. Data ya zamani nayo inahitaji kibali. Wengi wamekwama hapa, kazi iko tayari na mhariri anauliza namba ya kibali haipo. Ukishapewa, soma masharti yake hadi mwisho, maana kibali cha NIMR kina sharti la kuomba ruhusa ya kuchapisha pia. Majina ya watoto na ya mama yasiingie kwenye kompyuta, weka namba. Mtafute mtakwimu mwanzoni, siyo mwishoni. Mtu wa afya ya jamii yule wa upatu huenda ni mzuri sana akipewa kazi ya kweli. Na kutakuwa na mapengo. Sista alikwenda likizo, kipimajoto kiliharibika, siku ya vurugu hakuna aliyeandika. Usiyazibe. Yaandike kwenye makala kama yalivyo, na mhakiki mwenye akili atakuamini zaidi.

Sista mwenyewe umemwonaje katika hili? Nauliza kwa sababu kwenye barua amepita kama samani ya wodi. Mtu aliyeandika joto la vichanga miaka yote hii bila kuagizwa na yeyote amekwisha kutimiza sharti la kwanza la uandishi kuliko profesa yeyote jengoni kwenu. Mpe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Msomee rasimu, kwa Kiswahili ikibidi, muulize ni wapi umeielewa wodi yake vibaya. Erasto Mpemba alikuwa kijana wa sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto umewahi kuganda. Walimu na wenzake walimcheka. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyetembelea shule ya Mkwawa, Iringa; Osborne akaenda kulijaribu, na makala ilipotoka mwaka 1969 jina la kwanza lilikuwa Mpemba, la pili Osborne. Mhadhiri alijipanga nyuma ya mwanafunzi kwa sababu swali lilikuwa la mwanafunzi. Wewe utakuwa wa kwanza, utakuwa umefanya kazi ya wa kwanza. Lakini sista akiishia kwenye shukrani huku mzee asiyesoma rasimu yuko wa mwisho, huo utakuwa upatu uleule, mdogo tu.

Swali dogo: mwongozo wa kupanda cheo umeusoma mwenyewe, au unausikia korido? "Machapisho hayatoshi" si kipimo. Nenda utawala, omba nakala, kaa nayo usiku mmoja wa zamu tulivu. Tazama alama za makala moja zinagawanywaje kati ya waandishi, ripoti ya kisa inahesabiwa au haihesabiwi, ni fahirisi zipi, yaani orodha za majarida, wanazozitambua, na ufundishaji una alama ngapi hasa. Nimewaona watu wakikimbizana na makala ya sita wakati walichokosa ni fomu ya tathmini ya wanafunzi ambayo hakuna aliyeiambatanisha. Kisha waandikie kamati, kwa adabu, wakuonyeshe pengo lako kwa namba. Mtu wa kumi na moja kwenye orodha huwa anapata makombo. Mtu wa kwanza kwenye makala mbili nzuri anaweza kufika mbali kuliko unavyodhani. Hizo mbili zimo kwenye lile daftari, moja ya hali ilivyo, nyingine ya kitakachobadilika mkianza kuwafunga vichanga vifuani mwa mama zao tangu zahanati. Tasnifu yako ya MMed sikuisahau, hukunitajia ilihusu nini. Ipanguse vumbi uone kama kuna jedwali ambalo bado lina maana.

Kuhusu mumeo, hajakosea hesabu. Hospitali binafsi inalipa, na kuondoka si kushindwa. Ila usiondoke kwa sababu ya mstari mmoja kwenye faili. Jipe muda hadi makala ya kwanza iwasilishwe, ndipo mkae muongee, ukiwa na kitu mkononi.

Kesho baada ya raundi mwombe sista alitoe kwenye droo. Akikuuliza unalitakia nini, mwambie ukweli wote. Na umpelekee jipya, la kwaya nne, maana hilo la 2019 lazima limekaribia kujaa.